Naomba ushauri: nimebadilisha diski, pedi na mafuta ya breki nyumbani, sasa magurudumu ya mbele yanapata moto

Kijana wa Buhongwa
Habari za jioni wakuu, na shikamoo kwa wakubwa zangu. Nina Toyota IST yenye diski mbele na drami nyuma. Jumamosi iliyopita nilibadilisha diski mbili na pedi zake hapa nyumbani, kisha nikabadilisha na mafuta ya breki, kwa kuwa ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa. Sikuifanya kazi hii kwa pupa: nilikinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikaweka ubao chini ya jeki kwa sababu uwanja wetu ni wa mchanga, nikalikalisha gari kwenye stendi, na kalipa, yaani vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski, nikazining'iniza kwa waya ili uzito wake usivute mipira ya breki, ile mirija inayopeleka mafuta kwenye magurudumu. Mke wangu alikanyaga pedeli, mimi nikatoa upepo uliomo kwenye mafuta ya breki nikianzia gurudumu la mbali zaidi.

Siku ya kwanza breki zilikuwa nzuri sana. Tangu Jumatatu, kila nikienda kilomita chache pedeli inakuwa ngumu na ya juu, gari linakuwa zito kana kwamba linavuta tela, na nikisimama rimu za mbele zote mbili hazishikiki kwa joto. Je, pedi nilizouziwa ni feki? Mnaziamini pedi za aina gani? Alhamisi nina safari isiyoweza kuahirishwa.

Sato Mbichi
Mkuu, pedi ndizo mchawi wako. Mwaka juzi nilinunua za bei rahisi hapa mjini Mwanza, zikawa zinapiga kelele tangu Mkuyuni hadi Nyegezi, watu wakawa wananigeukia barabarani. Niliposhauriwa kuchukua zilizotumika kutoka Japani, kelele zikaisha siku hiyo hiyo. Tafuta hizo, na usisahau kuzipiga msasa kidogo kabla ya kufunga.

Mwalimu wa Igoma
Kijana wangu, nakuandikia kama mzazi. Injini ikikugomea utasukuma gari, lakini breki zikikugomea hutapata nafasi ya kusukuma chochote. Mimi niliwahi kushuka kutoka Bugando na gari la kuazima, na nilipokanyaga pedeli ikaenda hadi chini bila upinzani wowote. Namshukuru Mungu kulikuwa na kifusi cha mchanga wa ujenzi kando ya barabara, nikauelekeza uso wa gari huko. Nilikaa ndani ya lile gari kwa muda mrefu, miguu haina nguvu ya kushuka. Tangu siku ile naamini kwamba breki ni kazi ya fundi aliyesomea, na si ya mtu mwenye jeki na muda wa Jumamosi.

Kijana wa Buhongwa
Mwalimu, shikamoo, nimekuelewa na nakupa pole. Lakini fundi wa mwisho niliyemwachia gari alizitoa diski kwa kuzigonga kwa nyundo, akafunga pedi bila kusafisha wala kulainisha pini za kalipa, na upande mmoja ukaisha ndani ya miezi mitatu. Mimi diski iliponigomea nilifunga bolti mbili za namba 8 kwenye vile vitundu viwili vilivyoachwa na kiwanda, nikazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu huku, mpaka ikaachia yenyewe. Nati za magurudumu nilizikaza kwa spana ya kipimo, Nm 103 kama kitabu kinavyosema. Hasara niliyopata ni moja tu: mtoto aliipiga teke chupa ya mafuta, karibu theluthi ikamwagika, nyingine ikarukia bodi na rangi ikababuka kabla sijamimina maji. Kwa hiyo naomba turudi kwenye swali la pedi.

Fundi wa Nyakato
Ndugu, tuziache pedi kwanza. Pini kavu au pistoni yenye kutu kwa kawaida huharibu upande mmoja, na wewe unasema pande zote mbili za mbele zinapata moto kwa wakati mmoja. Fanya hivi. Endesha mpaka breki zibambe, rudi nyumbani, acha zipoe kiasi cha kutokuunguza, inua gurudumu moja la mbele na ujaribu kulizungusha kwa mkono. Likikataa, fungua kidogo nati ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, ina maana presha imenaswa na hairudi juu, kwa hiyo tutaitafuta sababu kwenye mpira wa breki au kwenye masta silinda, kile kifaa kinachosukuma mafuta unapokanyaga pedeli. Nati ikifunguliwa na gurudumu bado limeshikwa, basi kosa liko kwenye kalipa yenyewe. Kabla ya kulirudisha barabarani utatoa upepo upya.

Kijana wa Buhongwa
Nimefanya sasa hivi kwa tochi. Kulia na kushoto ni yale yale: mafuta yameruka kwa nguvu, na gurudumu likazunguka kama feni. Basi naona ni mipira imeziba kwa ndani. Kesho naagiza mipya miwili na suala liishe.

Fundi wa Nyakato
Mipira miwili kuziba wiki moja, tena baada ya kubadilisha mafuta? Naomba unijibu maswali matatu kabla hujatoa hela. Mafuta yaliyoruka yalikuwa na rangi gani? Uliweka aina gani? Na ulitumia kiasi gani?

Kijana wa Buhongwa
Ni DOT 3, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki. Nilinunua chupa moja ya nusu lita. Rangi sikuiangalia vizuri, ni usiku. Sioni haya yanahusianaje na mipira.

Bi Kayenze
Nimekuwa msomaji tu, lakini hapa nimekwama, na naomba mleta uzi asikasirike. Alikuwa na nusu lita, theluthi ikamwagika. Kwa iliyobaki anasema alisukuma mafuta meusi kutoka magurudumu yote manne, breki zikawa nzuri, na hajataja popote kwamba yalimpungukia. Marehemu mume wangu alikuwa na Hiace, na nilikuwa ndiye mkanyaga pedeli wake, kwa hiyo najua kazi hiyo inavyomeza mafuta. Hata gari dogo halimalizi kusafishwa bila kukaribia lita moja. Isitoshe, mtu aliyeweza kutusimulia nusu mzunguko wa bolti anashindwaje kukumbuka rangi ya mafuta yaliyomrukia mkononi? Wenzangu, nahisi tunanyweshwa chai.

Sato Mbichi
Dada umeona mbali. Na mimi nimejiuliza kuhusu hiyo spana ya kipimo, maana wanaomiliki spana hiyo mtaani kwetu hawazidi mmoja. Kama ni hadithi ya kutuchangamsha, aseme mapema tukalale.

Kijana wa Buhongwa
Si chai. Spana niliazima. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu, na kwa sababu nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba jambo lenyewe ni dogo.

Mafuta yaliniishia nikiwa kwenye gurudumu la tatu, saa mbili usiku, na maduka ya spea yalikuwa yamefungwa. Jirani alikuwa na kopo lisilo na lebo, lenye mafuta mekundu aliyobakiza alipojaza usukani wake. Alisema yote ni haidroliki, na breki nazo ni haidroliki. Nikajaza hadi alama ya juu, nikamalizia magurudumu mawili. Pedeli ikawa imara. Yaliyoruka leo yalikuwa ya waridi.

Fundi wa Nyakato
Ahsante kwa kusema, sasa tunaweza kukusaidia. Mafuta ya DOT 3 yametokana na glikoli, na mipira yote ya mfumo wako imetengenezwa kuishi ndani ya glikoli. Yale mekundu yametokana na petroli ghafi. Mpira wa breki ukiyanywa unavimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo cha kurudishia mafuta unapoachia pedeli. Mpira wa humo ndani, ule unaozuia mafuta yasivuje, umevimba na kukiziba. Ndiyo maana breki zinabaki zimekaza, joto linayatanua mafuta yaliyonaswa, presha inazidi na pedeli inapanda.

Usiamini maneno yangu bure, pima. Dondosha mafuta kutoka kwenye kile kichupa cha juu ya masta silinda ndani ya glasi ya maji. Mafuta halali ya DOT 3 huchanganyika na maji, ya petroli huelea. Kisha tazama mpira ulio chini ya kifuniko cha kichupa hicho.

Kijana wa Buhongwa
Nitapima. Lakini je, nikiyamwaga yote na kupitisha lita mbili za DOT 3 mpya, hayatatoka? Safari ya Alhamisi ni ya kumchukua mama Sengerema, ana kliniki hospitali ya Bugando saa tatu asubuhi. Hapana milima mikali huko, nitakwenda polepole, na nikiona pedeli inapanda nitafungua nati na kupunguza presha. Jumatano nimekwenda hadi Usagara na kurudi kwa njia hiyo.

Fundi wa Nyakato
Yatatoka kwenye mabomba, lakini kwenye mpira hayatoki, na mpira uliokwisha kuvimba haurudi. Ukifungua nati kila mara unaingiza upepo, na siku moja pedeli itakwenda chini kama ya Mwalimu.

Mwalimu wa Igoma
Mwanangu, tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, basi la kutoka Sengerema halingoji tena kivuko Kigongo. Linavuka zile kilomita tatu na kufika stendi ya Nyegezi. Mama apande la alfajiri, nami nina Probox nzima. Nitampokea hapo na kumfikisha Bugando, bila malipo. Nitumie ujumbe wa faragha.

Bi Kayenze
Nilikushuku na naomba radhi. Mama asikose kliniki, na asipande gari hilo.

Kijana wa Buhongwa
Nimepima. Mke wangu ameshika tochi. Tone limetua kwenye maji, sehemu yake imeyeyuka, na juu kumebaki miduara myekundu inayong'aa kama mafuta kwenye supu ya sato. Mpira wa kifuniko nilipouchomoa ulitoka umejikunja kingo, na kila nikijaribu kuurudisha mahali pake umekuwa mpana kuliko kifuniko chenyewe. Nimeujaribu mara nne.

Mwalimu, nimekuandikia faraghani, Mungu akuzidishie. Fundi, naomba orodha ya vya kununua.

Fundi wa Nyakato
Masta silinda nzima pamoja na mpira wa kifuniko, mipira ya pistoni za kalipa mbili, silinda ndogo mbili za drami za nyuma, na mipira yote ya breki inayopinda. Mabomba ya chuma tutayasafisha yabaki. Kama gari lina ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, kile kifaa chake nacho kina mipira ndani, na hicho ndicho kitakachokuumiza mfukoni. Usinunue mpaka nikione kwa macho. Pedi na diski zako tutazikagua, kwa sababu huenda zimeungua, ingawa sidhani. Nitakuja Jumamosi na vifaa vyangu. Hakikisha gari halisogei.

Kijana wa Buhongwa
Nimeliwekea mawe magurudumu yote manne, na funguo anazo mke wangu. Taa ya ABS inawaka ninapowasha swichi, kisha inazimika.

Fundi wa Nyakato
Basi linacho. Tuonane Jumamosi saa mbili.