Pombe ikiua watu, mkubwa wa polisi wa eneo ajibu au asijibu?

Karani wa Kutus
Wadau, nina swali moja tu. Februari 2024 kijijini Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe. Waziri wa Usalama wa wakati huo, Kithure Kindiki, alisema mzigo ule ulikuwa kielelezo cha kesi, umetoka kituo cha polisi cha Kiamaciri. Yaani serikali iliikamata sumu, ikaifungia ndani, halafu sumu ikatoka na kurudi kwa walewale iliokuwa inawakinga. Sasa mkubwa anayesimamia maafisa wa eneo, awe OCS (mkuu wa kituo) au msimamizi wa kikosi cha vileo, ajibu hata kama hakuuza kwa mkono wake? Mimi nasema ajibu. Ufunguo wa stoo ni wake. Asituambie alikuwa kwenye nyama choma na mwenye baa.

Kofia Bluu (mstaafu)
Ulianza vizuri ukaja kuharibu na nyama choma. Nimetumikia miaka 31, vituo viwili nimevisimamia mwenyewe, na sijala nyama ya mwenye baa hata siku moja. Nina gauti. Daktari alinikataza nyama nyekundu kabla wewe hujaota ndevu. Hii tabia ya kudhani kila afande ana mfupa mkononi ndiyo inafanya vijana wazuri wasitake kazi hii.

Njugu Karanga
Afande, umeulizwa ufunguo, umetuletea kadi ya kliniki.

Kofia Bluu (mstaafu)
Sawa, ngoja nikufundishe. Pombe ikikamatwa inaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, inahesabiwa, sampuli inaenda kwa Mkemia wa Serikali, ile nyingine inangoja korti iamuru imwagwe. Kesi inaahirishwa. Shahidi hakuja. Inaahirishwa tena. Mitungi inakaa miezi kwenye chumba kidogo pamoja na baiskeli za wizi na magunia ya bangi. Mchana ufunguo uko nami, usiku uko kwa aliye zamu. Ulitaka nitandike godoro juu ya mitungi?

Wakili wa Mtaani
Mzee ana haki kidogo, ingawa anaongea kama yuko paredi. Leseni za vileo si za polisi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliziweka kwa kaunti. Sheria ya Mututho, ile ya vileo ya 2010, inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, ifungwe saa tano usiku, wikendi na sikukuu ianze saa nane mchana, na isikae chini ya mita 300 kutoka shuleni. Kaunti inatoa leseni kwa baa iliyogusana ukuta na darasa la nne, inakula ada yake, halafu OCS ndiye anaulizwa kama ana macho. Huyu msimamizi anapewa lawama zote na nusu ya mamlaka. Mututho mwenyewe, akiwa mbunge wa Nakuru, alisema

Njugu Karanga
Naivasha.

Wakili wa Mtaani
Ni kaunti ya Nakuru, bwana.

Njugu Karanga
Alikuwa mbunge wa NAIVASHA. Wakili gani hujui jimbo? Tukuamini vipi kwenye hizo mita 300?

Mgema Hasifiwi
Nawasoma hapa Kaloleni, Pwani, nacheka. Haya matatizo ni ya huko bara. Mnakunywa vitu vya chupa visivyo na baba wala mama. Sisi mgema tunamjua, pombe yake ya mnazi tunaijua, hata mti tunaujua. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, jioni umekolea, kesho unakuwa siki. Haina haja ya Mkemia wa Serikali, ulimi unatosha. Polisi wakituacha na mangwe zetu, vilabu vya mnazi, hakuna atakayekufa.

Nyathira wa Kerugoya
Hebu koma na "huko bara". Nimezika binamu yangu, na hakuwa mlevi wa kuzaliwa. Aliuziwa glasi kwa bei ya chapati mbili. Unacheka nini?

Mgema Hasifiwi
Pole kwa msiba, dadangu, sikumcheka marehemu. Nacheka serikali. Lakini ukweli usemwe, mnazi haujapofusha mtu.

Nyathira wa Kerugoya
Mnazi wenu mnautia maji na sukari. Nilikaa Mtwapa miaka miwili, niliuona.

Mgema Hasifiwi
Mtwapa! Hiyo ni biashara ya watalii. Mnazi wa kweli hauuzwi penye mataa. Uliunywa kwa nini, chupa ya soda?

Nyathira wa Kerugoya
Jagi ya plastiki.

Mgema Hasifiwi
Basi hukunywa mnazi. Kuna mboko (kibuyu) na mrija, kwisha.

Gongo la Mboto
Ndugu zangu, naomba nichomekee kutoka Dar. Huku gongo, hiyo chang'aa yenu, ni marufuku kwa sheria ya tangu 1966 na bado ipo. Viroba vya plastiki, pombe kali ya pakiti, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na vikapotea madukani haraka. Nimejiuliza kwa nini. Kiroba kina kiwanda, kiwanda kina geti, unajua wapi pa kubisha hodi. Gongo inachemka nyuma ya nyumba ya mtu. Sasa huyo msimamizi wenu mkimfukuza, anayekuja atabisha hodi wapi? Halafu "kielelezo" ndiyo nini, ninyi hamsemi kidhibiti?

Wakili wa Mtaani
Kielelezo ndicho kinachotolewa kortini. Kidhibiti ni cha rimoti.

Gongo la Mboto
Rimoti! Mkenya anifundishe Kiswahili leo!

Mtoto wa Mama Pima
Sijawahi kuandika hapa, leo naandika. Mama yangu alinisomesha kwa chang'aa hadi kidato cha nne, kabla ya 2010 sheria haijageuzwa ikaruhusiwa ya chupa. Kila Ijumaa alikuja askari mmoja na kijitabu. Hakuwa anauliza njia. Alijua nyumba zote, anajua nani kapika, nani kaugua, nani kafiwa asidaiwe wiki hiyo. Alikuwa akisema ya kwake ni kidogo, nyingine ni "ya mkubwa". Siku moja mama alikosa, msako ukaja Jumapili asubuhi tukinywa uji. Kwa hiyo mtu akiniambia msimamizi hajui kinachopikwa eneo lake nashangaa, kwa sababu orodha iliandikwa. Mkitaka kujua nani wa kujibu, tafuteni kile kijitabu kinaishia mezani kwa nani.

Hakika Tupu
Kwa hiyo mama yako alikuwa anaua watoto wa wenzake ukiwa shule?

Mtoto wa Mama Pima
Mama yangu alipika kwa mtama na maji ya kisima, na aliionja kabla ya mteja. Hakuna aliyekufa kwake. Methanoli, ile spiriti ya viwandani yenye sumu, ililetwa na watu wa magari. Usimguse mama yangu.

Hakika Tupu
Nimeuliza tu. Mbona moto?

Kofia Bluu (mstaafu)
Huyo askari wa kijitabu alikuwa na namba kifuani. Mama angekuja kuripoti.

Njugu Karanga
Aripoti wapi, afande? Kwa mkubwa?

Mgema Hasifiwi
Chang'aa ya mtama ni sawa na mnazi tu, vyakula vya shamba. Mimi na huyu mtoto wa Mama Pima tuko upande mmoja. Kwetu hata mahari haikamiliki bila kadzama ya mnazi, kipimo chetu cha mahari, na mzee akikosa hulipa kwa mnazi. Ukimkamata mgema umewakamata wazee wote.

Nyathira wa Kerugoya
Sasa tumeingia kwenye mahari.

Gongo la Mboto
Hiyo kadzama ni lita ngapi?

Mgema Hasifiwi
Inategemea unaoa kwa nani.

Wakili wa Mtaani
Kisheria mnazi ukiuzwa bila leseni ni

Mgema Hasifiwi
Wewe maliza kwanza habari ya Naivasha.

Karani wa Kutus
Jamani, mimi ndiye niliyefungua mjadala. Niliuliza ufunguo wa stoo. Watu 17. Kuna mmoja kaleta habari ya kijitabu, ndiyo hasa niliyokuwa natafuta, na hakuna aliyemjibu isipokuwa kumtukania mzazi. Kofia Bluu, wewe umesimamia vituo viwili. Ijumaa jioni, bahasha ya "mkubwa" ilikuwa inafika au haifiki? Jibu la neno moja.

Njugu Karanga
Naona yuko hewani. Anaandika.

Njugu Karanga
Bado anaandika.

Kofia Bluu (mstaafu)
Mgema, hebu niambie. Mtu wa gauti anaruhusiwa mnazi, ule wa asubuhi, ukiwa bado mtamu?

Mgema Hasifiwi
Muulize daktari wako, afande. Mimi kazi yangu ni kupanda tu.