Uyoga wa chaza: shina refu, kofia ndogo

Mama Kayole: Wenzangu, nalima uyoga wa chaza kwenye chumba cha mabati, kwa mabua ya ngano ya Narok. Mifuko imejaa utando mweupe vizuri, lakini uyoga unatoka na shina refu, kofia haizidi kifungo cha shati. Mfuko mmoja una doa la kijani. Mbegu mbovu ama?

Fundi wa Uyoga: Mbegu haina kosa, dada. Chumba hakina hewa. Utando ukishajaa, uyoga unataka hewa safi na mwanga kidogo, la sivyo shina linarefuka tu. Toboa matundu ukutani, juu na chini, weka neti kuzuia nzi. Na hayo mabati, jua la Januari litakupikia mboga ikiwa bado mfukoni! Tundika magunia yaliyoloa.

Babu Githurai: Doa la kijani ni kuvu nyingine. Toa mfuko huo leo, usiufungulie humo ndani. Mara ijayo, kabla ya kuweka mbegu, mabua yakate mafupi, yazamishe kwenye maji ya nyuzi 70 hivi kwa saa moja au zaidi, uchuje. Ukiyakamua yatoe matone mawili matatu, yakichuruzika, bado.

Mama Kayole: Asanteni. Nitatoboa, landilodi akikubali. Huo mfuko naweza kuumwaga kwenye sukuma?

Babu Githurai: Mwaga, ila mbali na mlango wa chumba.