Pampu ya joto au boila ya gesi kwa nyumba ya watu saba Karen?

Mjenzi wa Karen

Hamjambo nyote. Ninaomba ushauri kabla fundi wa mabomba hajafunika mifereji yake ukutani. Tunamalizia nyumba ya vyumba vitano huku Karen, na tutakaohamia ni watu saba, akiwemo mama mkwe ambaye umri wake haumruhusu kuoga maji baridi asubuhi ya Julai. Mkandarasi ananishauri ninunue boila ya gesi itakayopasha maji ya kuoga na pia kuzungusha maji moto chini ya sakafu ya sebule na ya vyumba viwili vya kulala. Shemeji yangu anayeishi Leeds, Uingereza, naye anasema kwamba huko watu wanahimizwa kuacha boila na kuweka pampu za joto, hata serikali inawachangia gharama. Sola nimeiweka kando kwa sababu paa limezungukwa na miti mirefu ambayo hatuna nia ya kuikata. Maji tunayotumia ni ya kisima cha mtaa na yana chumvi kiasi. Kati ya mitambo hii miwili, ni upi utakaonitoza kidogo kila mwezi? Na je, hiyo sakafu ya joto ina maana yoyote Nairobi?

Mhandisi wa Lang'ata

Ndugu Mjenzi, shemeji yako anasema kweli, lakini anazungumzia nchi yenye shida tofauti na yetu. Uingereza nyumba nyingi zimeunganishwa na bomba la gesi la mtaa, na boila inapasha nyumba nzima kwa miezi mingi ya mwaka; tangu Oktoba 2023 mwenye nyumba wa England au Wales anayeiondoa na kuweka pampu ya joto anaweza kupata ruzuku ya pauni 7,500. Kinachowatatiza wengi huko ni kwamba umeme wao ni ghali mara kadhaa kuliko gesi ya bomba, hivyo akiba ya pampu humezwa na bei ya umeme. Sisi hatuna bomba hilo. Gesi yetu ni ya mtungi, na hapo hesabu inageuka kabisa.

Tuipige pamoja. Tuchukue tangi la lita 200, maji yakiingia yakiwa na nyuzi 18 na kupashwa hadi 55. Kazi hiyo inahitaji takriban yuniti 8.6 za nishati, na maji hayo yakichanganywa na baridi yanatosha watu saba au wanane wanaooga kwa lita 40 kila mmoja. Hita ya kawaida ya koili itakula yuniti hizo zote 8.6; tukikadiria shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi, hizo ni kama shilingi 258 kwa siku. Boila ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 85 itachoma karibu gramu 790, yaani mtungi wa kilo 13 hautafika siku 17, na kwa mtungi wa shilingi 3,200 utakuwa unalipa kama shilingi 195 kwa siku. Pampu ya joto haizalishi joto kwa kuchoma kitu, bali hulivuta kutoka kwenye hewa ya nje na kulihamishia majini, kama friji inavyotoa joto ndani na kulimwaga nyuma yake. Kwa hali ya hewa ya Nairobi, ambako ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 10, kila yuniti moja ya umeme inaweza kuleta tatu za joto. Utatumia takriban yuniti 2.9, yaani shilingi 87. Pampu yenyewe ni ghali kununua, sikatai, lakini katika nyumba ya watu saba tofauti hiyo inaonekana kila mwezi.

Kuhusu sakafu, ningemwambia mkandarasi wako hapana bila kusita. Sakafu ya zege huchukua saa nyingi kupata joto, na hapa baridi ya kweli ni ya Juni hadi Agosti, tena zaidi usiku na alfajiri. Itakapoanza kukupa joto, jua la saa tano limeshatoka. Anza na dari: weka kizuia joto juu yake, kisha uangalie yale matundu ya hewa yasiyofungika yaliyo juu ya madirisha ya nyumba nyingi za Nairobi, kwa maana joto lolote utakalolinunua litatokea hapo. Chumba cha mama mkwe kitoshelezwe na kiyoyozi kinachoweza kugeuzwa kutoa joto, ambacho nacho ni pampu ya joto kwa jina lingine.

Mama wa Kilimani

Hesabu ya Mhandisi ni nzuri, ila imesahau jambo ambalo kila mkazi wa Nairobi analijua: stima hupotea. Mimi nina hita ya gesi yenye kuwashwa kwa betri ndogo, na umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri watoto bado wanaoga na kwenda shule. Tena sina tangi linalopoa nikiwa safarini. Ninapasha maji ninayoyatumia tu. Kwa watu wanne inanitosha kabisa, na sioni sababu ya kuibadilisha.

Lakini hapo kwenye matundu naomba tahadhari, kwa sababu mtu anaweza kusoma nusu na kwenda kuyaziba. Nyumba inayochoma gesi au kuni ndani isizibwe. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu ya sita, kwa hiyo kichomeo ambacho hakikurekebishwa kulingana na mwinuko wetu hakichomi vizuri na hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu ya kumwamsha mtu. Hita yangu imefungwa nje ya ukuta wa jikoni, kamwe si bafuni.

Fundi wa Mitambo ya Baridi

Mama, umeme ukikatika alfajiri, tangi lililopashwa mchana uliotangulia bado lina maji moto, mradi limevikwa kizuia joto vizuri na shinikizo la maji linatoka kwenye tangi la juu. Ndiyo maana mimi humwekea mteja saa ya kuwasha pampu kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakati hewa ina joto na mashine inafanya kazi kwa wepesi. Pampu ndogo ya nyumbani huchukua kama saa tatu kulipasha tangi la lita 200, kwa hiyo asiyepanga muda ndiye anayelalamika kwamba maji yameisha.

Ndugu Mjenzi, kinachonitia wasiwasi kwako ni chumvi. Nimeshafungua matangi ya maji ya kisima nikakuta koili imevikwa gamba jeupe nene kama kidole, na ile fimbo ya magnesi inayowekwa ili iliwe badala ya chuma imebaki waya mtupu. Chagua pampu ambayo koili yake imezungushwa nje ya tangi badala ya kuzama majini, na uikague fimbo hiyo kila mwaka. Kompresa, yaani mota inayoendesha pampu, nayo iwekewe kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka. Mashine ya nje ipewe nafasi ya kupumua: kuna nyumba niliitwa kwa sababu pampu "haifanyi kazi", kumbe ilikuwa imebanwa kati ya ua na tangi la maji, inavuta tena hewa baridi iliyotoka kuitoa.

Jambo moja la usalama: mara kwa mara tangi lipandishwe hadi nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, wasizaliane humo. Kwa kuwa maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mzee kwa sekunde chache, weka vali ya kuchanganya maji kabla hayajafika bafuni kwake.

Mjenzi wa Karen

Ninawashukuru. Sakafu nimeiondoa kwenye mkataba leo. Swali lililobaki: mkandarasi amepanga tangi likae karibu na karakana, na bafu la mama mkwe liko upande wa pili wa nyumba, kama mita 18. Je, kuna ubaya?

Fundi wa Mitambo ya Baridi

Upo. Bomba la inchi robo tatu la urefu huo hubeba zaidi ya lita tano, na kila mara atakapofungua atasubiri maji hayo baridi yatoke kwanza, kisha mengine yaliyo moto yapoe ukutani akishamaliza. Kwa kuwa kuta hazijafunikwa, lisogeze tangi liwe nyuma ya bafu lake, na bomba linaloelekea kwingine livikwe sponji ya kuzuia joto kabla ya plasta. Ikishindikana, mfungie shawa ya umeme ya papo hapo bafuni humo, yenye waya wake mwenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu, na uchague aina iliyotengenezewa maji ya chumvi.