Maji ya huko yana baridi kiasi gani?

*Kikundi: Ukoo wa Langoni, Lamu. Wiki ya mwisho ya Novemba.*

Alhamisi usiku

Twaha (Istanbul): Asalaam aleykum nyote. Leo nimetoka darasani nikapitia ufukweni, nikachovya mkono baharini. Sikufika kuhesabu ishirini. Vidole vimeingia ganzi, nimerudi navyo mfukoni mpaka bwenini.

Mama Twaha: Waaleykum salaam mwanangu. Ulivaa nini?

Twaha: Koti lile zito, mama.

Mama Twaha: Na kichwani?

Twaha: Na kofia, mama. Ya sufi.

Ami Nahodha: Maji digrii ngapi?

Twaha: Leo wameandika 14, ami. Lakini asubuhi hewa ilikuwa 7. Ndipo nikashangaa, maji yana joto kuliko hewa halafu mkono ukashindwa kuvumilia.

Ami Nahodha: Hilo la maji kushinda hewa ndilo ninalolijua mimi. Ukitoka alfajiri hapa kwetu ukatia mguu majini, unahisi kama mtu kayachemsha usiku. Bahari hukawia. Ikipata joto hailiachi upesi, na ikiliacha hailirudishi upesi. Hiyo yenu bado inakula akiba ya kiangazi.

Twaha: Kweli. Hapa mwezi wa Agosti hufika 24 au 25, halafu inashuka polepole hadi Februari, 7 au 8. Yaani baridi kabisa ya bahari haiji Desemba siku zinapokuwa fupi, inakuja miezi miwili baadaye.

Salma: Na sisi ni vivyo hivyo, ila kwa kipimo chetu. Wanafunzi wangu wa jiografia huwa hawaamini nikiwaambia. Agosti, kusi, upepo wa kusini, likiwa limeichapa bahari miezi mitatu minne, mawingu tele, maji ya chini yamechanganywa na ya juu, tunashuka mpaka 25 au 26. Sasa hivi kama 28. Kilele ni Machi kwenda Aprili, 29 hadi 30, kaskazi, upepo wa kaskazini, limetulia na jua limepiga maji yaliyolala. Tofauti yetu ya mwaka mzima ni digrii nne au tano. Ya Twaha ni kumi na saba!

Swaleh (Malindi): Huku kwetu hata huyaoni hayo maji yenyewe. Mto Sabaki umeshuka na mvua za bara, ghuba yote rangi ya chai ya maziwa. Kuna mgeni leo kaniuliza kama bahari imeharibika. Nikamwambia huo ni udongo wa Ukambani na mbali zaidi, umekuja kututembelea, mvua za bara zikiisha maji yatasafika.

Khalati Rukia: Mvua huko ni kubwa?

Swaleh: Ya kawaida ya vuli, khalati. Si kama 2019.

Salma: 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi na ya upande wa Sumatra yakapoa. Joto likija upande huu na mawingu huja nalo, ndiyo vuli ile ikatuzamisha. Na 1997 kwenda 1998 ilikuwa hiyo pamoja na El Niño, matumbawe ya pwani nzima yakageuka meupe kwa joto la maji. Kwa hiyo Twaha akisema digrii 14 na mimi nikasema 28, tusidhani digrii moja ni kitu kidogo.

Ami Nahodha: Nayakumbuka matumbawe yale. Ukizamia chini kama umeingia kwenye nyumba iliyopakwa chokaa. Samaki wapo lakini wamenyamaza.

Ijumaa mchana

Salma: Bibi amesikiliza ujumbe wote wa jana. Anasema niandike kama anavyosema: "Mwambiye Twaha, mai ya nti za watu hayajui. Asiyaguse. Na yeo usiku atiye jiko la makaa chumbani apate moto, alale."

Khalati Rukia: Hapana hapana. Bibi nakuomba radhi sana, lakini Twaha usifanye hivyo. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala asiamke. Hospitalini, wadini, nimewaona mimi mwenyewe, watu wazima wawili, walikuwa wamefunga dirisha kwa sababu ya mvua tu.

Twaha: Bibi, bwenini tuna mabomba ya maji moto ukutani, chumba kina joto. Sihitaji jiko. Lakini khalati kasema kweli, hapa kuna nyumba za zamani wanaowasha jiko la makaa ya mawe lenye bomba la moshi. Ukivuma ule upepo wao wa kusini magharibi, wanauita lodos, moshi hurudishwa ndani. Mamlaka hutoa onyo kila lodos inapotabiriwa.

Salma: Bibi anasema basi ameliondoa jiko. Lakini la kutogusa mai halijaondoka.

Twaha: Hilo ndilo nililotaka kuwauliza. Kesho lodos inakuja. Ni upepo wa joto, wametabiri hewa itapanda mpaka 20, na kwa wiki ya mwisho ya Novemba hiyo ni siku ya sherehe, maana kawaida mchana ni 14 au 15. Wenzangu wa bweni wanataka tukaogelee Caddebostan, ufukwe wa upande wa Asia. Wanasema Mswahili wa kisiwani ataogopaje bahari. Ami, wewe unasemaje?

Ami Nahodha: Hewa 20. Maji je?

Twaha: Yatabaki 14. Pengine yakapata nusu digrii.

Ami Nahodha: Basi umeshajijibu. Jua limekuita wewe, halijayaita maji.

Ngoja niandike kwa utulivu, niko baraza sasa.

Mwaka mmoja, majira kama haya, tanga mbili, kusi limeshachoka na kaskazi halijaamua. Bahari shwari, imelala kama sinia. Nikatoka Shela na mashua ndogo, maji yanapwa, nikasema leo nitafika nje bila kulowa. Pale mlangoni, maji ya hori zima yakitoka kwa nguvu, upepo ukaanza kutoka baharini. Haukuwa mkubwa. Nguo ingekauka tu. Lakini ulipokutana na maji yanayotoka, mawimbi yakasimama wima, mafupi, yamekaribiana, mashua ikawa haina nafasi ya kushuka moja kabla ya kupanda jingine. Nilimwaga maji kwa kata mpaka mkono ukawa si wangu. Nilichokosea si upepo. Nilitazama juu, sikutazama chini. Marehemu baba alikuwa akihesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, anajua mwongo gani una upepo gani, na bado kila asubuhi alikuwa anashuka gatini kutia mkono majini kabla ya kusema neno.

Twaha: Sikuwahi kuisikia hii ami.

Ami Nahodha: Sikuwahi kumwambia mama yako.

Mama Twaha: Umemwambia sasa.

Khalati Rukia: Mimi nitasema la kiuguzi. Twaha, maji ya chini ya 15 hayamuui mtu kwa kumgandisha, wengi hudhani hivyo. Dakika ya kwanza hadi ya tatu ndiyo hatari. Ngozi ikipata baridi ghafla, pumzi huvutwa yenyewe kwa nguvu, hupati kuizuia, na kama mdomo uko majini basi umeyavuta maji. Moyo nao unakimbia. Ukivuka hapo, baada ya kama dakika kumi mikono na miguu hukataa kazi, hata bingwa wa kuogelea hawezi kushika kamba. Baridi ya mwili mzima huja baadaye, nusu saa na zaidi.

Kwa hiyo mtu akianguka au akizidiwa, asipige mikono. Alale chali, aelee, angoje pumzi itulie, ndipo aogelee au aite. Waambie na hao wenzako.

Twaha: Kuna jambo jingine la kuelea, ami, nilikuwa nakuwekea wewe. Maji ya hapa hayana chumvi kama ya kwetu! Nililamba kidole. Ni kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. Bahari Nyeusi ina kama gramu 18 kwa lita kwa sababu mito mikubwa inaingia humo, na maji hayo ndiyo yanayopita juu ya mlango wa Bosphorus kushuka Marmara, bahari hii ya hapa. Ya kwetu ni 35.

Ami Nahodha: Subhanallah. Basi chombo huko kinazama zaidi kwa mzigo uleule.

Twaha: Na mtu vilevile. Na chini yake kuna mkondo wa pili unaorudi, maji mazito ya chumvi kutoka Marmara kwenda Bahari Nyeusi. Mlango mmoja, juu yanakwenda huku, chini yanakwenda kule, wakati mmoja. Mahali pembamba kabisa ni kama mita 700.

Ami Nahodha: Kule sikuruhusu hata kwa mguu.

Swaleh (Malindi): Na samaki?

Twaha: Samaki ndio raha ya majira haya. Maji ya Bahari Nyeusi yakipoa wanashuka kupitia mlango huo kufuata joto. Kwanza palamut, jamii ya jodari wetu lakini mdogo, halafu dagaa wao, wanaita hamsi, ambaye kadiri baridi inavyozidi ndivyo anavyonona. Daraja la Galata limejaa mishipi toka alfajiri mpaka usiku, wazee kwa vijana bega kwa bega, kila mmoja na ndoo yake. Kuna mzee mmoja huwa ananipa chai. Hatujui lugha vizuri sisi wawili, ananionesha tu ndoo.

Mama Twaha: Nenda kwa huyo mzee, mwanangu. Waache hao wa kuogelea.

Jumamosi usiku

Mama Twaha: Twaha uko wapi? Umeswali Maghribi?

Twaha: Nimeswali mama, zamani. Huku jua limezama saa kumi na moja na dakika arubaini.

Mama Twaha: Na saa zetu si ni zilezile?

Twaha: Zilezile, tangu 2016 hawabadilishi. Lakini jua la leo limechomoza saa mbili asubuhi. Nakwenda darasani na giza.

Salma: Na hapa limechomoza kabla ya saa kumi na mbili! Ndiyo maana bahari yako inapoa Twaha. Mchana wako haufiki saa kumi, usiku ni saa kumi na nne za kutoa joto tu.

Khalati Rukia: Habari ya Caddebostan?

Twaha: Nilikwenda, khalati, lakini sikuvua koti. Siku ilikuwa nzuri kweli, jua, upepo wa joto usoni, watu wamevaa mikono mifupi. Watatu wakaingia. Wawili walirudi kifundoni wanapiga kelele. Wa tatu aliendelea mpaka kiunoni, halafu akajitosa.

Alipoibuka mdomo uko wazi na sauti haitoki. Anavuta hewa, anavuta, haitoki. Macho yamemtoka. Alikuwa mita kumi tu kutoka kwetu, na alikuwa anapiga mikono kama anayepanda ngazi. Nikakumbuka maneno yako, nikampigia kelele alale chali, alale chali, nikamwonesha kwa mikono. Akalala. Nilihesabu, ilikuwa kama dakika moja na nusu hivi, akaanza kupumua kama mtu. Akarudi polepole mwenyewe, akasimama penye kina cha magoti, akakaa pale pale majini, hawezi kunyanyuka. Tukamtoa, tukamvua nguo za maji, tukamvisha koti langu na kofia ya sufi.

Khalati Rukia: Alhamdulillahi. Yuko vipi sasa?

Twaha: Mzima. Amelala. Alitetemeka saa nzima hata kikombe cha chai nilimshikia mimi. Mchana upepo ulizidi, feri zikasimamishwa, tukarudi kwa treni inayopita chini ya bahari.

Khalati Rukia: Mwangalie usiku. Akikohoa sana au pumzi ikiwa fupi, mpelekeni hospitali, msingoje asubuhi.

Twaha: Sawa khalati. Niko chumba kimoja naye.

Salma: Bibi kasikia yote. Amenyamaza kwanza. Sasa anasema: "Kofiya ile asiitake tena, amwatiye yule mwana. Nitamtumia nyengine."

Mama Twaha: Nitainunua mimi kesho Bibi.

Ami Nahodha: Umefanya vizuri Twaha. Sina la kuongeza.

Mimi kesho naondoka kwenda Kizingitini, kisiwa cha Pate. Maji ya huko yameanza kusafika, vijana wanazamia kamba koche, wanataka chombo. Bamvua, maji makubwa ya mwezi, limeingia, alfajiri maji yatakuwa yamejaa nami nitapita mlango wa Mkanda kabla hayajaanza kupwa. Upepo bado haujaamua, leo asubuhi umetoka matlai, mashariki, jioni ukanyamaza kabisa.

Swaleh (Malindi): Nenda salama ami. Huku nimeona ndege wa baharini wamerudi kukaa kwenye mchanga wa Sabaki, kaskazi haliko mbali.

Ami Nahodha: Inshallah. Twaha, kesho ukipita ufukweni tia mkono tena uniambie ni ngapi. Nami nitakuandikia ya huku nikifika penye mtandao.

Twaha: Nitatia, ami. Vidole viwili tu.