Mjadala: Ni andiko gani linalomwagiza Mkristo kumfukuza mtoto wake?

Mtoa mada, Nyamanoro

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu wa madhehebu mengine, Bwana asifiwe.

Niseme kwanza ninaposimama. Mimi ni Mkatoliki na naamini ndoa ni ya mume na mke. Tamko la Vatikano la Desemba 18, 2023, Fiducia Supplicans, liliruhusu padre kuwabariki wawili wa jinsia moja, bila ibada rasmi na bila kufanana na ndoa. Lilinikwaza kama lilivyowakwaza wengi. Januari 11, 2024, Kadinali Ambongo wa Kinshasa alitangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo hazitatolewa huku kwetu. Nilishukuru.

Kinachonisumbua ni jambo jingine. Katika jumuiya moja ya hapa mjini Mwanza, mama mmoja amevuliwa uongozi kwa sababu inasemekana kijana wake ni shoga. Baba alishamtoa kijana nyumbani, na watu wakampongeza kwa kusimama na Neno.

Neno lipi? Nimerudia Mwanzo 19, Walawi 18 na 20, Warumi 1, Wakorintho wa Kwanza 6, Timotheo wa Kwanza 1 na waraka wa Yuda. Sijaona mstari unaomwambia mzazi amtoe mwanawe nje. Kinachokaribia ni Kumbukumbu la Torati 21, mwana mkaidi apelekwe langoni apigwe mawe, na hilo sijasikia mhubiri yeyote akitaka litekelezwe.

Tunapenda kuwataja Mashahidi wa Uganda, na ni haki. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa ikulu waliochomwa Namugongo Juni 3, 1886, na wanakumbukwa pia kwa kuyakataa matakwa ya mwili ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Lakini simulizi tunaikatisha hapo. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 alivuka ziwa kuja huku kusini, akashikiliwa na Waarabu pale Magu, kisha akakimbilia misheni ya Mapadre Weupe, Bukumbi. Ndiyo, Bukumbi hii ya Misungwi. Wakampokea. Damu ya waumini wao ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu. Hawakubadili fundisho lolote. Walimpa hifadhi mtu aliyekuwa hana pa kwenda.

Mwenye andiko la kufukuza alilete tulisome pamoja.

Katekista, Igoma

Mtoa mada, nakuheshimu, ila andiko lipo. Wakorintho wa Kwanza sura ya 5. Mtu alikuwa anaishi na mke wa baba yake, na Paulo akaagiza aondolewe kati yao. Mstari wa 11 unakwenda mbali zaidi: mtu wa namna hiyo akijiita ndugu, msile naye hata chakula. Haya si mambo ya Torati, ni ya Agano Jipya, kwa kanisa lililokwisha kubatizwa.

Na Mwanga alifika Bukumbi akiwa mkimbizi anayeomba. Hakufika akidai aachwe aendelee na aliyokuwa akiyafanya. Kumpokea mwenye dhiki ni jambo moja, kunyamazia dhambi ndani ya nyumba ni jambo jingine. Mtoto akiona nyumbani hakuna tofauti yoyote, utamfundisha kwa lipi?

Mhudumu wa Injili, mwalo wa Igombe

Baba katekista, mstari huohuo wa 11 usome wote. Wametajwa wazinzi, wenye tamaa ya mali, waabudu sanamu, watukanaji, walevi na wanyang'anyi. Mimi nahudumu kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Huku mtu ana mke mjini na mwingine kambini, na kanisa linajua. Akitoa sadaka ya ujenzi tunampigia makofi. Tajiri anayewapunja vijana wake wa mtumbwi anakaa kiti cha mbele. Sijawahi kuona aliyetengwa kwa hayo kwa kutumia sura ya 5.

Sisemi dhambi moja ihalalishe nyingine. Nasema mizani tunayotumia ina upande mmoja, na Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Msharika wa KKKT (Kanisa la Kilutheri), Kirumba

Niingie kwenye namna ya kusoma, maana naona tunaizunguka. Maaskofu wa kanisa langu walishasema: tamko la Dodoma la 2010 lilikataa ndoa za jinsia moja, baada ya Kanisa la Sweden kuziruhusu mwaka 2009. Najua lilivyo.

Lakini Sodoma ni wanaume wa mji mzima waliotaka kuwabaka wageni, na Waamuzi 19 inaeleza jambo hilohilo pale Gibea, ambako aliyeuawa kwa kubakwa alikuwa mwanamke. Ezekieli 16:49 anapotaja uovu wa Sodoma anaanza na kiburi, shibe na kutomsaidia maskini. Walawi 20:13 inaagiza kifo, na mstari wa 10 unaagiza kifo hichohicho kwa wazinzi. Hakuna kanisa hapa linalotekeleza lolote kati ya hayo mawili. Maana yake sote tunatafsiri, hata anayesema yeye anasoma tu kama ilivyoandikwa.

Tena Kumbukumbu 23:1 ilimzuia towashi kuingia kusanyiko la Bwana. Isaya 56 ikamwahidi nafasi nyumbani mwa Mungu. Katika Matendo 8 Filipo akambatiza towashi Mkushi njiani, bila kumwekea kipindi cha uangalizi. Kama Maandiko yenyewe yalisogea hivyo, kwa nini tuwe na uhakika kwamba yaliishia pale tulipo sisi?

Katekista, Igoma

Kwa sababu towashi hakutenda dhambi kwa kuwa towashi. Na tunapo pa kupimia: Matendo 15. Mitume waliwaondolea watu wa Mataifa mzigo wa tohara, lakini katika machache waliyoyabakiza, uasherati umo. Na Yesu alipoulizwa habari za talaka katika Mathayo 19 alirudi mwanzo, mume na mke, mwili mmoja. Unaweza kuitoa Sodoma kwenye hoja, nami nakubali imetumika vibaya. Mathayo 19 utaifanyaje?

Mtoa mada, Nyamanoro

Hapa niko na katekista. Ndugu wa Kirumba amenisaidia kuiona Sodoma vizuri, lakini hoja ya towashi hainifikishi anakotaka nifike. Mathayo 19 na Warumi 1 zinabaki.

Ila turudi Wakorintho 5. Paulo anaandikia kanisa kuhusu mtu mzima ambaye jambo lake lilikuwa wazi kwa wote. Haandikii mzazi. Kwa mzazi kuna Timotheo wa Kwanza 5:8: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Sijui mstari mkali zaidi ya huo kwa baba, na haukuweka sharti kwamba mtoto awe mwema.

Kwa Wakatoliki wenzangu: Katekisimu, namba 2357, inasema matendo hayo hayawezi kukubaliwa. Namba 2358 inasema watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila ishara ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Kanisa lilelile limeandika zote mbili. Kwenye jumuiya tumefundishwa moja.

Mwanasheria, Capri Point

Niongeze jambo ambalo waumini hulichukulia kwa wepesi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu kuingiliana kinyume cha maumbile, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinaweza kufika maisha. Kwa hiyo "inasemekana" inayotamkwa kwenye jumuiya inaweza kumfikisha mtu huko. Kumbukumbu 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu. Mathayo 18 inakutaka umwendee ndugu yako mkiwa wawili tu kwanza. Nani alimwendea yule kijana?

Mama, Buswelu

Mnabishana kama watu wasio na watoto wadogo. Mimi ninao. Hofu ya yule baba naielewa, ana wengine wanaomfuata. Hajui awaambie nini, na mtaa mzima unamtazama. Msimgeuze kuwa katili. Swali langu ni hili: nani alikwenda kukaa naye kabla hajafikia pale?

Mtoa mada, Nyamanoro

Hakuna aliyekwenda, mama. Hata mimi sijasikia. Na kuhusu wadogo: anayemdhuru mtoto azuiwe na ashtakiwe, awe nani. Lakini kijana huyu hajatajwa kumdhuru yeyote.

Katekista, Igoma

Nimeisoma Timotheo tena. Kwa baba nakubali, hakuwa na ruhusa ya kumtupa. Kwa mama ni wazi zaidi: Ezekieli 18:20, baba hatauchukua uovu wa mwana. Aliyemvua uongozi hakuwa na andiko, na arudishiwe.

Kuhusu kijana kurudi kati yetu bado nasema akubali kwanza kufundishwa.

Mtoa mada, Nyamanoro

Mimi nasema arudi kwanza, afundishwe akiwa ndani. Hapo ndipo tulipotofautiana, baba katekista. Wengine wachangie hapo.