Eti mimi siyo deni, mimi ni "deni linaloweza kutokea"! Kigoma tumekosa nini jamani?

Wakuu, natetemeka hadi nakosea herufi, mtanisamehe. Natoka ofisini kwao sasa hivi, pale Mwanga. Mnawajua. Wale wauza viwanja, wa bango lenye ghorofa la vioo ambalo Kigoma nzima halipo, na ziwa lenye rangi ya sabuni ya maji.

Nimelipia kiwanja kwa awamu miaka miwili. Nimeuza mawese, nimeuza baiskeli, nimekula dagaa mpaka paka wa jirani ananiita shemeji. Sh 4,200,000 zimeingia kwao zote. Kiwanja hakuna, jiwe la mpaka hakuna, hati ndiyo usiseme. Leo nikaenda kudai changu, nikaongozana na mama mkwe ili waone aibu. Hilo ndilo kosa langu.

Kijana wa uhasibu, tai imemkaba shingo, akatoa taarifa ya hesabu za mwaka kunionyesha kampuni ilivyo imara. Nikamwambia vizuri, nionyeshe nilipo kwenye madeni. Akapekua hadi nyuma kabisa, kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, akasema, mama mkwe anasikia: "Mzee wangu, wewe siyo deni. Wewe ni deni linaloweza kutokea."

NINAWEZA KUTOKEA! Kilo tisini na mbili, nimekalia kiti chao cha plastiki kinalia! Nilishatokea mimi, nilitokea Ujiji mwaka 1974!

Ukurasa huohuo kuna "ahadi za kifedha": mkandarasi wa kuchonga barabara za mradi, mkataba umesainiwa, kazi haijaanza. Ndizo barabara ambazo dalali aliniapia zimeshafika. Chini yake, wamedhamini mkopo wa kampuni dada. Dada akishindwa, benki inawarukia wao. Na mimi je?

Lakini hayo yote nasamehe. Ninaweza kutokea, jamani! Na alisema huku anatafuna karanga. Mama mkwe njia nzima kimya, tumefika kwenye bodaboda ndiyo ananiuliza, "Kwa hiyo binti yangu kaolewa na nani?"

Mgebuka_Mkavu
Mkuu, tukikusalimia utaitikia au tusubiri utokee kwanza?

Bibi_Mawese
Mama mkwe kauliza swali la maana kuliko wewe na mhasibu mkiunganishwa.

Debiti_Krediti
Mleta mada, huyo kijana kakudanganya au hajui kazi. Hela ya mteja iliyopokelewa na kiwanja hakijakabidhiwa ni deni, inakaa kwenye mizania yenyewe, ule ukurasa wa mbele wa mali na madeni. Kule nyuma kwenye maelezo wanaweka yale ambayo haijulikani kama yatalipwa: kesi iliyoko mahakamani, dhamana kama hiyo ya mkopo wa kampuni dada. Hata kesi, ikionekana kushindwa kunaelekea zaidi kuliko kushinda na kiasi kinakadirika, inahamia mbele, inatengewa fedha. Na ahadi za mkandarasi siyo deni bado, ni kazi iliyosainiwa ambayo haijafanyika. Sasa kampuni inayokupeleka wewe nyuma inapunguza madeni machoni pa benki. Umenielewa?

Mgebuka_Mkavu
Hajakuelewa, bado hajatokea.

Mleta mada
Debiti, asante ndugu yangu. Kwa hiyo mimi ni deni kamili? Niende na huu uzi nikamsomee? Maana alinitazama machoni kabisa. "Linaloweza kutokea."

Mtoto_wa_Bangwe
Wewe una bahati, chako hakijawahi kuwepo. Mimi changu nilikiona, nikapiga picha, nikaweka na mchanga. Dalali akasifia "hatua kumi unaoga". Maji yalipopanda mwaka 2020, ziwa ndilo likaja kuoga kwangu. Ofisini wananiambia sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wakati wa kupokea hela sheria ilikuwa likizo?

Mnyamwezi_wa_Kweli
Watu wa Kigoma mnapenda kulia. Hapa Tabora kiwanja nilipewa, kizuri, kimepimwa. Katikati kuna mwembe wenye wajomba watatu, kila mjomba anataka fidia yake. Mwaka wa tatu huu. Nakwenda kula maembe kwenye ardhi yangu kwa ruhusa.

Bibi_Mawese
Wa Tabora tulia na maembe yako, hata treni huwa inakupita kuja kwetu mwisho wa reli.

Mnyamwezi_wa_Kweli
Inawapita nani? Bila kusimama Tabora ingefikaje huko? Kuleni migebuka yenu mnyamaze, asali tunawaletea sisi.

Mtoto_wa_Bangwe
Usiguse migebuka.

Mleta mada
Jamani turudi kwenye mada. Mama mkwe amempigia simu mke wangu. Nimesema hivi, yule kijana alisema MIMI...

Mgebuka_Mkavu
Tumesikia, mkuu. Hivi dagaa sado Kibirizi leo bei gani?

Mleta mada
Sijashuka mwaloni leo. Nilikuwa Mwanga naweza kutokea.