Mafundi wa majitaka Mwanza: mnakata mizizi, mnachukua fedha, bomba mnaliacha limepasuka

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Huu ni uzi wa malalamiko, na naomba radhi mapema kwa mafundi wachache wanaofanya kazi kwa uaminifu, kwa sababu ukali wangu unawahusu wenzao wanaozunguka Isamilo, Capri Point na mitaa mingine yenye nyumba kongwe, ambao wameigeuza mizizi iliyoingia katika mabomba ya majitaka kuwa mradi wao wa kudumu.

Utaratibu wao tunaujua sote. Mvua zikikolea, choo cha chini kinaanza kububujika, maji ya bafuni hayashuki, na hatimaye uchafu wa nyumba ya juu unaibukia kwenye sakafu ya nyumba ya chini. Fundi anaitwa, anafunua chemba, anasukuma fimbo zake mpaka maji yapite, kisha anavuta nje furushi la mizizi, analinyanyua mbele ya mwenye nyumba kama mvuvi aliyepata sangara wa kupigiwa picha, anapokea fedha zake na kutamka kwamba tatizo limekwisha. Mizizi ile ilipitia wapi kuingia? Hilo haulizi, na akiulizwa anajibu kwamba mti ndio mbaya.

Bomba zima lisilo na ufa haliingiliwi na mzizi. Nyumba nyingi za zamani zilitandaziwa mabomba ya udongo wa kuchoma au ya zege, yaliyokuja kwa vipande vifupi vilivyounganishwa kwa saruji na mchanga, na kwa hiyo kati ya choo na chemba ya barabarani kuna maungio mengi sana. Ardhi ikititia kidogo, au lori la mchanga likipita juu yake, saruji ile inachanika, unyevu unavuja nje, na mizizi inastawi palipo na unyevu. Unaanza kuingia mzizi mwembamba kama unywele, unakuta maji na mbolea visivyokwisha, unanenepa, na unavyonenepa unaupanua ufa uleule ulioingilia. Ndani ya bomba unaota ndevu zinazonasa mafuta ya jikoni na karatasi mpaka njia inazibika. Milimani kwetu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa udongo ni mwembamba juu ya miamba, na mara nyingi mahali pekee penye udongo wa kina uliolegea ni mtaro uliochimbwa kwa ajili ya bomba lenyewe, kwa hiyo mizizi inaufuata mtaro huo moja kwa moja. Mvua nazo zinapenya kwa nyufa zilezile na kujaza bomba ambalo tayari limeziba nusu, ndiyo maana maafa haya yanajitokeza zaidi wakati wa masika.

Sasa, ukiukata mzizi ndani ya bomba na kuuacha ufa wazi, umeupogoa tu. Mti ungali hai, mzizi uliokatwa unachipua matawi mengi zaidi mahali palepale, na baada ya muda usio mrefu mnaitwa tena. Nina hakika mnalijua hilo, maana hakuna fundi anayerudi kwenye chemba ileile mwaka hadi mwaka asitambue kinachoendelea. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wateja wengi ni wastaafu wanaoishi kwenye nyumba walizonunua miaka mingi iliyopita, na fedha wanazotoa kidogokidogo kwa kuzibua zingetosha zamani kununua mabomba mapya.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuja kwetu na mashine ya kukatia yenye mota, ikaahidi dhamana kwa mdomo, na kabla ya kuondoka vijana wake wakamimina asidi chooni ili, kwa maneno yao, kumalizia mabaki. Naomba tulielewe vizuri jambo hili: asidi inaila saruji. Maungio ya bomba la zamani yameshikwa kwa saruji, na bomba la zege ni saruji tupu kwa ndani, ambalo tayari linadhoofishwa na asidi inayotokana na gesi ya majitaka yenyewe. Mtu anayemimina asidi humo anaupanua mlango wa mizizi kwa fedha ya mteja. Bomba lilipoziba tena tukawapigia, tukaambiwa dhamana ilihusu uzibaji ule wa kwanza, na kwamba huu ni mwingine unaolipiwa upya. Uzibaji mwingine, katika bomba lilelile, kwenye maungio yaleyale!

Wapo pia wanaouza mrututu (salfeti ya shaba), dawa ileile ya buluu ambayo wakulima wa kahawa huichanganya na chokaa kuzuia kutu ya majani. Ni kweli kwamba mrututu unaua mizizi unayoigusa, lakini sehemu kubwa yake inapita chini pamoja na maji, mizizi iliyo juu ya usawa wa maji haiguswi, na ufa unabaki kama ulivyokuwa. Kwa mwenye shimo la septiki, shaba hiyo ikizidi inaweza kuua bakteria wanaomeng'enya uchafu, na shimo likajaa kabla ya wakati. Isitoshe, shaba ni sumu kwa samaki, na sisi tunaishi kando ya ziwa ambalo kila mtaro wa mji huu unaelekea huko, ama moja kwa moja ama kupitia Mto Mirongo. Kumwaga sumu ya samaki katika mji unaokula samaki, kwa ajili ya kazi ambayo hata haimalizi tatizo, ni jambo ambalo sielewi mtu anapataje ujasiri wa kulitolea risiti.

Kazi halali inaanza kwa kuangalia. Kamera ya bomba, ambayo ni waya mrefu wenye taa na lenzi, inaonyesha ufa uko umbali gani kutoka kwenye chemba, kama bomba limepasuka, limetengana au limebonyea. Asiye na kamera anaweza kufunua chemba mbili zinazofuatana, akamulike tochi upande mmoja na kuweka kioo upande wa pili. Bomba lililonyooka na safi linaonyesha duara kamili la mwanga, na lenye mizizi halionyeshi. Kioo na tochi, ndugu zangu, vinashindikanaje?

Baada ya hapo ndipo unachimba mahali penye ubovu, unatoa vipande vilivyoharibika na kuweka bomba jipya la plastiki la inchi 4, na hapa ndipo wengi wanapoharibu hata wakikubali kuchimba. Nimeona kwa macho bomba la plastiki likichomekwa katika bomba la udongo na kupakwa saruji pembeni, likafukiwa siku hiyohiyo. Saruji haishiki plastiki. Plastiki inatanuka na kusinyaa kwa joto, saruji inaachia, na mizizi inapata mwanya kamili kama ule wa awali. Maungio ya namna hiyo yanahitaji kiungo cha mpira chenye mikanda ya chuma isiyoshika kutu, na kama hakipatikani, ni afadhali kubadilisha mstari wote kutoka chemba hadi chemba, ili kusiwe na mahali ambapo jipya linakutana na kuukuu katikati ya udongo. Mteremko nao si wa kukisia: kwa bomba la ukubwa huo, sentimita 2.5 kwa kila mita ni kipimo kinachofahamika, na pima maji ipo kwa kazi hiyo. Chini ya bomba unaweka mchanga, wala si vipande vya mawe ya Mwanza vyenye ncha, ambavyo vitalitoboa au kulibonyeza baadaye. Kisha, kabla ya kufukia, unaziba upande wa chini, unajaza maji na kutazama kama yanapungua. Fundi anayekataa jaribio hilo na kusema ana haraka ya kwenda kazi nyingine ameshakuambia ubora wa kazi yake.

Ipo pia njia ya kutochimba, ambapo kitambaa kilicholoweshwa resini (utomvu wa kiwandani unaogeuka mgumu) kinaingizwa ndani ya bomba la zamani na kukaushwa mpaka kinakuwa bomba jipya lisilo na maungio. Njia hiyo ilitumika London tangu mwaka 1971, kwa hiyo si miujiza ya jana, ingawa haitasaidia bomba lililokwisha kuporomoka au lililotandazwa bila mteremko. Kwetu mlimani, ambako kuchimba kunamaanisha kupambana na mwamba, ingefaa sana, na ninashangaa kwamba wenye makampuni wanaonunua magari mapya hawafikirii kuileta.

Najua baadhi yenu mtasema tukate miti. Ukipanda mfikasi (mti wa jamii ya mkuyu) juu ya bomba la majitaka umejitafutia balaa, na huo sitautetea. Lakini miti ya milimani ndiyo inayoshika udongo usituteremkie na mvua, kivuli chake ni cha wote, na mara nyingi mti wenyewe uko kwenye kiwanja cha jirani. Kukata shina hakufungi ufa hata kidogo, na kisiki cha mfikasi kinachipua tena. Panapotengenezwa bomba, mtaro ukiwa bado wazi, mtu anaweza kusimamisha kizuizi cha plastiki nzito kati ya mti na bomba.

Bomba lenye ufa unaopitisha mizizi kuingia linapitisha pia majitaka kutoka, na majirani wa chini wanaochota maji ya visima vifupi wanayapokea bila kujua. Mji wetu unavuta maji ya kunywa ziwani, na kipindupindu hatukisomi vitabuni.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hapa kwamba hakuna kumlipa mtu fedha ya ukarabati kwa kazi ya kuzibua. Akizibua, alipwe ya kuzibua, na aandike kwenye karatasi kwamba hakutengeneza chochote. Akisema ametengeneza, aonyeshe picha ya mahali palipokuwa pamepasuka, aina ya kiungo alichoweka na jaribio la maji kabla ya kufukia, na dhamana yake iwe ya maandishi inayotaja chemba ipi hadi ipi. Wanaoishi kwenye mstari mmoja wa bomba wachangishane, maana aliye chini hawezi kugharamia peke yake uchafu wa walio juu.

Mwenye uzoefu na fundi wa hapa Mwanza anayetumia kamera na anayekubali masharti hayo, aandike bei aliyotozwa kwa mita, aina ya mabomba yaliyowekwa, na kama yamepita masika bila kuziba. Na wale mafundi ninaowalalamikia, kama mmo humu, mnakaribishwa kujibu, ila mje na majibu kuhusu ufa, kwa sababu habari za mti tumekwisha kuzisikia.